Visahani Arobaini

Adana, Julai. Feni inazungusha joto lilelile.
Nimefinyanga visahani arobaini vya utomvu,
kila kimoja kipana kama kifungo cha shati,
rangi ya jino la mtu asiye na habari.
Kumi nimevitia kwenye chai, kumi kwenye kahawa,
kumi kwenye shalgamu, ile juisi chachu ya karoti nyeusi
ambayo watu wa hapa husukumia kebabu,
na kumi kwenye maji matupu,
ili pawe na wa kusingiziwa wema.
Kisha tanurini, nyuzi thelathini na saba,
joto la kinywa kilichofumbwa.

Kila asubuhi namwaga, nasuuza, najaza upya.
Feride wa chumba cha pili ananiita mama wa meno yatima.
Chai naipika mwenyewe, birika juu ya birika,
kwa sababu chai ya pakiti, nilimwambia profesa,
si chai, ni uvumi wa chai.
Aliandika daftarini bila kucheka: chai ya birika.

Siku ya tatu shalgamu ilikuwa ndani.
Hakuna aliyeisikia ikibisha hodi.
Nami nilidhani nimeving'arisha
mpaka nzi ateleze.
Kahawa ilikaa juu juu kwanza,
kama mtu mwenye viatu vichafu kwenye mkeka wa mlangoni,
halafu ikavua viatu.

Namfikiria Bwana Sırrı, mkata tiketi wa kituo cha mabasi.
Alivunja jino la mbele kwa pistachio iliyogoma kupasuka,
akaja ameziba mdomo kwa kofia.
Nililijenga tabaka kwa tabaka,
taa ya buluu ikilia kila sekunde ishirini,
nikalilinganisha na jirani yake karibu na dirisha,
kwa mwanga wa saa nne, usiojua kubembeleza.
Jino la pembe si dawa ya pengo, ndivyo isemwavyo;
lakini hili halikuwa la pembe, na pengo liliamini.
Alijitazama kiooni. Hakusema asante.
Alisema, "Liko wapi?"
Sifa nyingine siitaki.

Siku ya thelathini napima.
Mashine haisemi kahawia wala zambarau,
inasema nane nukta moja, tano nukta sita.
Jicho la binadamu huanza kulalamika kabla hata ya nne.
Chai yangu imepita sita.
Nikaona fahari, kisha nikaona haya.

Na maji?
Maji nayo yamesogea. Sifuri nukta tisa.
Nikafuta lenzi, nikabadilisha betri, nikapima tena.
Sifuri nukta tisa.
Haionekani, lakini ipo.
Sikuwa na safu ya kuandikia jambo hilo,
kwamba hata aliyekaa kimya majini
hatoki alivyoingia.

Alhamisi Bwana Sırrı alirudi.
Mwaka na miezi miwili, glasi kumi na mbili kwa siku:
moja kwa kila basi la Ankara, alisema,
na zilizobaki za kupatanisha madereva.
Ukingoni, pale kazi yangu inapokutana na ya Mungu,
palikuwa na mstari mwembamba wa kahawia,
kama aliyeandika jina akaghairi.
Nikamweleza utomvu, vinyweleo, namba.
Alinisikiliza kama anavyomsikiliza abiria aliyeachwa na basi.
Nikang'arisha kwa diski nne, toka ya chembe hadi laini,
maji yakimchuruzika shingoni.
Likarudi. Karibu lirudi.

Akainuka kitini akilipapasa kwa ulimi.
"Chai," akauliza, "lini?"
Nilikuwa na glasi kumi za ushahidi chumba cha pili.
"Kesho kutwa," nikasema.
Akatazama saa ya ukutani.
Chini barabarani kijana wa chai alikuwa anapita na sinia,
vijiko vikigonga vioo,
na sote wawili tukanyamaza mpaka alipokata kona.